NDEGE ZA KUAZIMA: VITA VYA ANGANI JUU YA ZIWA TANGANYIKA MWAKA 1916, NA MAFUNZO YAKE



Tunapokutana kila mara tunakumbushana habari za walimu, mabweni, uji wa asubuhi na mechi tulizoshinda. Hayo ni mema, wala siyapingi. Lakini gazeti hili husomwa pia na vijana wanaojiandaa kwa mtihani wa historia, na yafaa mara moja moja tuwape kitu cha kutafuna. Nimechagua habari ambayo haimo sana katika vitabu vya shule, ingawa ilitokea karibu na kwetu: ndege za kwanza za kivita kuruka juu ya Ziwa Tanganyika, katika mwaka 1916. Ndege zile zilikuwa za taifa moja, marubani wa taifa jingine, na waliozibeba hadi ziwani walikuwa wa kundi la tatu ambalo halikuulizwa neno. Baada ya kusimulia hayo nitazilinganisha na majeshi mengine ya angani ya ushirika, hasa lile la Wachina na Wamarekani katika vita vya pili, ili tupate kuona ushirika wa kweli unapimwaje.

ZIWA KATIKA MWAKA 1914

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwezi wa Agosti 1914, Ziwa Tanganyika lilikuwa mpaka kati ya wakoloni wawili. Upande wetu wa mashariki ulikuwa wa Wajerumani, na upande wa magharibi ulikuwa Kongo ya Wabelgiji. Kusini walikuwapo Waingereza katika Rhodesia ya Kaskazini. Watu wa ziwa lenyewe, yaani Wabende, Watongwe, Waholoholo, Wafipa, Waha na wengineo, walikuwa wakivuka huku na huko tangu zamani kwa biashara ya samaki, chumvi na mafuta ya mawese. Kwao ziwa halikuwa mpaka bali njia.

Karema, ambayo leo imo katika Mkoa wetu wa Katavi, ilikuwa na historia ya pekee. Wabelgiji ndio waliojenga kituo chao hapo mwaka 1879, wakati Mfalme Leopold alipokuwa akijipenyeza katika Afrika kwa kisingizio cha chama cha uchunguzi. Mwaka 1885, baada ya mkutano wa Berlin, kituo kile walikabidhiwa Mapadre Weupe, na nchi ikaangukia mikononi mwa Wajerumani. Kwa hiyo Wabelgiji walipolitazama tena ziwa mwaka 1914, walikuwa wakitazama pwani waliyoijua.

Wajerumani hawakungoja. Tarehe 22 Agosti 1914 meli yao ndogo, Hedwig von Wissmann, iliishambulia meli ya Wabelgiji iitwayo Alexandre Delcommune karibu na mdomo wa mto Lukuga, ikaiharibu vibaya. Tangu siku hiyo ziwa zima likawa mikononi mwa Wajerumani. Waliweza kuhamisha askari kutoka Kigoma hadi Bismarckburg, ndiyo Kasanga ya leo, bila ya kuzuiwa na mtu. Adui zao waliokuwa nchi kavu hawakujua watatokea wapi.

Nguvu yao ikazidi ilipoundwa meli kubwa Graf von Götzen. Meli hii ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika masanduku kiasi cha 5,000. Masanduku hayo yalifika Dar es Salaam kwa bahari, kisha yakapelekwa hadi Kigoma kwa reli ya kati. Fundi Anton Rüter na wenzake wawili waliiunga upya, wakisaidiwa na mafundi wa Kihindi na vibarua wa Kiafrika, nayo ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Urefu wake ulikuwa mita 71. Hapakuwa na chombo kingine ziwani cha kushindana nayo.

MASHUA MBILI ZA WAINGEREZA

Sehemu inayofuata ya habari hii ndiyo inayojulikana zaidi, kwa hiyo nitaipitia haraka. Waingereza walituma mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, zenye urefu wa kama mita 12 kila moja, chini ya Kamanda Geoffrey Spicer-Simson. Zilipelekwa kwa meli hadi Cape Town, kwa treni hadi Katanga, kisha zikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke, maksai na mikono ya watu, na madaraja zaidi ya mia moja yakajengwa njiani. Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa.

Ikabaki Götzen. Spicer-Simson hakutaka kuikabili kwa mashua zake ndogo. Hapo ndipo lilipoletwa wazo la ndege.

NDEGE NNE ZA MAJINI

Wabelgiji walikuwa na shida kubwa. Nchi yao yenyewe, Ubelgiji, ilikuwa imetekwa karibu yote na Wajerumani tangu 1914, na serikali yao ilikuwa imehamia Ufaransa. Walikuwa na marubani wenye moyo, lakini hawakuwa na ndege za kupeleka Afrika. Waingereza walikuwa na ndege, lakini marubani wao walihitajika kwingineko. Basi wakapatana: jeshi la majini la Uingereza litaazima ndege nne, na Wabelgiji watatoa marubani, watazamaji na mafundi.

Ndege zenyewe zilikuwa za aina ya Short 827. Zilikuwa za mbao na kitambaa, zenye mabawa mawili juu na chini, na badala ya magurudumu zilikuwa na maboya ya kuelea majini. Kila moja ilichukua watu wawili, rubani na mtazamaji, na injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 150 hivi. Kijana anayesoma haya leo aelewe kwamba injini ya namna hiyo ni dhaifu kuliko ya lori la kawaida linalopita barabara ya Mpanda.

Ndege hizo zilifunguliwa, zikatiwa katika masanduku, na kusafirishwa mwanzoni mwa 1916 hadi Matadi, mdomoni mwa mto Kongo. Kutoka Matadi zilipanda treni hadi Kinshasa. Kutoka Kinshasa zikapanda mto hadi Kisangani, ambayo wakati huo iliitwa Stanleyville. Hapo kuna maporomoko, hivyo zikateremshwa zikatiwa tena katika treni. Kisha mto tena hadi Kindu. Kisha treni hadi Kongolo. Kisha mto hadi Kabalo. Na mwisho treni hadi ziwani. Hesabu mwenyewe, msomaji, ni mara ngapi masanduku yale yalipakiwa na kupakuliwa. Na katika nchi ya joto na unyevu, kitambaa hulegea, mbao hupinda, na gundi huachia.

Kituo cha kwanza kiliwekwa Mtoa, pwani ya magharibi ya ziwa, kaskazini ya Kalemie. Lakini ziwa letu si bwawa. Upepo unapovuma, mawimbi yake huwa kama ya bahari, na ndege za maboya ziliweza kuvunjika hata zikiwa zimefungwa kamba. Ikabidi Wabelgiji wahamie katika kiziwa kidogo cha Tungwe, kusini zaidi, ambacho kimezungukwa na nchi kavu na maji yake ni matulivu. Shida nyingine ilikuwa hewa yenyewe. Ziwa Tanganyika liko juu ya usawa wa bahari kwa mita 770 hivi, na mchana kuna joto. Hewa ya namna hiyo ni nyepesi: injini hukosa nguvu na mabawa hukosa kitu cha kuegemea. Ndege iliyoruka vizuri katika pwani ya Uingereza ilipata taabu kujinasua majini hapa.

Pamoja na hayo yote, tarehe 14 Mei 1916 ndege ya kwanza iliruka. Rubani mashuhuri wa kundi lile alikuwa Aimé Behaeghe. Tarehe 10 Juni 1916 Behaeghe, pamoja na mtazamaji wake Collignon, alivuka ziwa hadi Kigoma, umbali wa kama kilometa 100, akaangusha mabomu juu ya bandari ilimokuwa Götzen. Wabelgiji waliripoti kuwa bomu limeipata meli. Lakini meli haikuzama. Safari nyingine za kupeleleza na kushambulia zilifuata katika mwezi ule na wa Julai.

Kuna jambo la kuchekesha na kusikitisha pamoja. Wakati ule Götzen ilikuwa imekwisha nyang'anywa mzinga wake mkubwa. Mzinga huo, uliotoka katika manowari Königsberg iliyoangamizwa katika delta ya Rufiji, ulihitajika nchi kavu kwa ulinzi wa Tabora. Husimuliwa kwamba mahali pake pakawekwa mzinga wa bandia wa mbao ili kumtisha adui. Kwa hiyo ndege zilizosafirishwa nusu ya dunia zilikuja kupiga meli iliyokuwa simba asiye na meno, na wenye ndege hawakujua.

Mwisho wa Götzen haukuletwa na mabomu. Majeshi ya Kongo chini ya Jenerali Tombeur yaliingia kutoka kaskazini kupitia Rwanda na Burundi, yakaikaribia reli. Wajerumani walipoona Kigoma haitashikika, Kamanda Gustav Zimmer aliamuru meli izamishwe. Rüter na mafundi wenzake waliipaka mitambo mafuta mazito, wakaijaza mchanga, wakaizamisha polepole tarehe 26 Julai 1916, kama mtu anayefukia akiba yake akitumaini kurudi. Siku mbili baadaye Wabelgiji waliingia Kigoma. Mwezi wa Agosti walitua Karema, mahali walipopaacha miaka 31 nyuma. Tarehe 19 Septemba 1916 Tabora ikaanguka.

Götzen iliibuliwa na Waingereza mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Wengi wetu, na hasa wazee wetu, tumeipanda au kuiona ikipita Karema, Ikola na Kipili kwa miongo mingi. Behaeghe hakuwa na bahati ya chuma kile. Alikufa kwa maradhi huko Niemba, Kongo, mwezi wa Desemba mwaka ule ule wa 1916.

NANI ALIYEZIBEBA?

Mpaka hapa nimewataja Wabelgiji, Waingereza na Wajerumani kwa majina. Msomaji mwangalifu atauliza: majina ya Waafrika yako wapi? Jibu ni kwamba habari zilizoandikwa wakati ule hazikuyaweka. Aliyeanguka na sanduku la mabawa katika gati la Kabalo, aliyekata miti ya kujenga kibanda cha ndege kule Tungwe, aliyesimama majini hadi kifuani akiishika kamba ya ndege usiku wa dhoruba, hao wote wameitwa kwa neno moja tu: wapagazi.

Hili si jambo dogo. Vita vya Afrika Mashariki vilikuwa vita vya mabega ya watu. Mbung'o waliua ng'ombe na punda, barabara hazikuwapo, na kila risasi ilibebwa kichwani. Jina la Kariakoo, soko kuu la Dar es Salaam, latokana na kikosi cha Waingereza cha wapagazi. Waingereza wenyewe waliandikisha vifo zaidi ya 44,000 vya wapagazi wao, na wanahistoria wengi hukadiria kwamba idadi ya kweli ilikaribia 100,000. Wengi hawakufa kwa risasi, bali kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa. Hiyo ni hesabu ya upande mmoja tu. Wabelgiji na Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao.

Mwaka 1927 ilizinduliwa Sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam, kuwakumbuka askari na wapagazi. Ni sanamu nzuri. Lakini haina jina hata moja la mpagazi. Kule Ulaya, askari mzungu aliyekufa siku moja na mpagazi yule alichongewa jina lake katika jiwe. Haikuwa bahati mbaya, ilikuwa ni uamuzi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikakiri kuwa Waafrika, Wahindi na wengineo waliokufa katika vita vile hawakukumbukwa kwa usawa na wenzao, na kwamba wasiokumbukwa kwa majina, au pengine kwa namna yoyote, ni wasiopungua 116,000. Zimepita karne moja na zaidi mpaka neno hilo kutamkwa.

Na faida ya ushirika ilikwenda kwa nani? Wabelgiji walipewa Rwanda na Burundi, na Waingereza wakapewa Tanganyika. Kwa mapatano ya mwaka 1921 Wabelgiji walipewa pia maeneo yao ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, yaliyojulikana kwa jina la Belbase, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Wenye ziwa walipewa kodi ya kichwa.

MFANO WA CHINA

Sasa tutazame ushirika wa namna nyingine, katika vita vya pili. Japani iliivamia China kwa nguvu zote mwaka 1937. Jeshi la anga la China lilivunjwa karibu lote katika miaka ya mwanzo. Mmarekani Claire Chennault, aliyekuwa mshauri wa Chiang Kai-shek, alikusanya marubani wa kujitolea wa Kimarekani ambao walipigana kuanzia Desemba 1941 hadi Julai 1942, wakapata sifa kubwa. Lakini hao walikuwa ni Wamarekani wakipigana kwa niaba ya China. Wachina walitaka kurudi angani wenyewe.

Ndipo mwezi wa Oktoba 1943 kikaundwa Kikosi Mchanganyiko cha Anga cha Wachina na Wamarekani. Mafunzo yalifanyika Malir, karibu na Karachi, na vikosi vya kwanza viliingia China kabla ya mwaka huo kwisha. Kulikuwa na kundi moja la ndege za mabomu aina ya B-25 na makundi mawili ya ndege za kivita aina ya P-40, ambazo baadaye zilibadilishwa kwa P-51. Ndege zilitoka Marekani. Petroli, risasi na vipuri vililetwa kwa ndege kutoka India juu ya milima ya Himalaya, kazi iliyoua marubani wengi.

Lakini tazameni mpango wake. Kila cheo cha uongozi kilikuwa na watu wawili, Mmarekani na Mchina. Kamanda mkuu alikuwa Kanali Winslow Morse, naye alikuwa na mwenzake wa Kichina. Hali kadhalika katika kila kundi na kila skwadroni. Marubani wengi wa Kichina walikuwa wamepelekwa kusoma Marekani kwanza. Na ndege zile, ijapokuwa ziliundwa katika viwanda vya Marekani, zilipigwa chapa ya China: jua jeupe katika duara la buluu. Nia iliyotamkwa wazi ilikuwa kwamba Mmarekani atakaa katika kiti kile kwa muda tu, mpaka Mchina akishike peke yake. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Wachina waliachiwa vikosi vyao.

Sisemi kwamba mambo yalikuwa matamu siku zote. Lugha zilipishana, wakalimani walihitajika, na Wamarekani mara nyingi ndio waliokuwa wa mbele katika kutoa amri, kwa kuwa petroli ilikuwa yao. Mwenye chombo hakosi neno. Lakini tofauti na Tungwe ni kubwa. Kule China mwenye nchi alikuwamo ndani ya ndege na katika meza ya mipango, na chapa yake ilikuwa ubavuni mwa ndege. Katika Ziwa Tanganyika mwenye nchi alikuwa majini, ameshika kamba.

KEYA NCHINI BURMA

Wala tusidhani kwamba habari za China zilikuwa mbali na watu wa Tanganyika. Njia ya kuikomboa China ilipitia Burma, na Burma ndiko walikopelekwa baba na babu zetu.

Watu kiasi cha 87,000 wa Tanganyika waliingia katika majeshi ya Waingereza katika vita vya pili. Wengi walikuwa askari wa Keya, yaani K.A.R. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, chini ya Jenerali Fowkes, ilikuwa na batalioni kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland na Tanganyika, na alama yao begani ilikuwa kichwa cha kifaru. Batalioni za 26 na 36 zilikuwa za Tanganyika. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri, na ofisa wa Kizungu alilazimika kujifunza.

Mwezi wa Agosti 1944 divisheni hiyo iliingia bonde la Kabaw katikati ya masika ya kule. Barabara ziligeuka mito ya tope, na malaria na kuhara vikawa adui wa pili. Malori hayakuweza kupita. Askari walilishwa kwa ndege. Na ndege hizo zilikuwa za ushirika: Kamandi ya Anga ya Mashariki, iliyoundwa Desemba 1943 chini ya Mmarekani Jenerali Stratemeyer, ilichanganya vikosi vya Waingereza na Wamarekani chini ya amri moja. Dakota ya Mmarekani au ya Mwingereza ilipita chini ya mawingu, ikamwaga magunia ya chakula na, kwa miavuli, masanduku ya risasi na dawa. Isingefika, kikosi kililala njaa. Kwa njia hiyo askari wetu walisonga hadi Kalemyo mwezi wa Novemba, na tarehe 2 Desemba 1944 wakaiteka Kalewa ukingoni mwa mto Chindwin. Hapo lilijengwa daraja la vyuma ambalo lilikuwa refu kuliko yote ya aina yake wakati ule.

Tofauti na wapagazi wa 1916, hawa walikuwa na namba, vitabu vya mshahara na nishani. Katika ukumbusho wa Taukkyan, karibu na Rangoon, yamechongwa majina karibu 27,000 ya askari wasio na makaburi yajulikanayo, na Waafrika wamo. Hayo ni maendeleo. Lakini cheo cha juu ambacho Mwafrika aliweza kufikia katika Keya wakati ule kilikuwa warant ofisa. Mchina wa miaka ile ile alikuwa kamanda mwenza wa kundi la ndege. Askari wa kutoka Mpanda hakuweza kuwa hata luteni wa platuni yake.

NCHI HURU NA NDEGE ZAKE

Uhuru ulipopatikana, swali lilirudi kwa sura nyingine. Baada ya jeshi la zamani kuasi mwezi wa Januari 1964 na kuvunjwa, Tanzania ilitaka kujenga jeshi jipya na kuwa na ndege zake. Ujerumani ya Magharibi ilikubali kusaidia kikosi cha anga. Lakini mwanzoni mwa 1965, Tanzania ilipoiruhusu Ujerumani ya Mashariki kuwa na konsulati Dar es Salaam kutokana na mambo ya muungano na Zanzibar, Ujerumani ya Magharibi ikaondoa msaada huo wa kijeshi ghafla. Mwalimu Nyerere hakubembeleza. Alisema wachukue na msaada wao mwingine uliobaki wa serikali. Wakaja Wakanada, wakafundisha hadi 1970. Baada yao wakaja Wachina, ambao katika miaka ya 1970 walisaidia kujenga kituo cha ndege za kivita Ngerengere, wakatoa ndege na kufundisha marubani wetu.

Wachina wale ndio waliokuwa wameonja, miaka 30 nyuma, ladha ya kupanda ndege ya kupewa. Lakini safari hii mwanafunzi na mwenye nchi alikuwa ni Mtanzania, na kilichokuwa ubavuni mwa ndege kilikuwa ni alama ya Tanzania.

Wahenga wamesema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Lakini historia hii yatuonyesha kwamba si kila kuazima kuko sawa. Mabelgiji wa 1916 waliazima ndege, lakini walikuwa na marubani, na walikaa mezani wakati wa kugawana. Wachina wa 1943 waliazima ndege pia, ila walisisitiza kushika usukani na kupiga chapa yao. Tanzania ya 1965 ilikataa nguo yenye masharti, ikatafuta nyingine. Asiye na kitu kabisa ni yule ambaye hana chombo, hana ujuzi, na hana jina katika daftari. Kwa hiyo maswali ya kuuliza juu ya ushirika wowote, uwe wa kivita, wa mgodi, wa reli au wa bandari, ni haya matatu: nani anashika usukani? Nani anafundishwa ili akishike kesho? Na majina ya nani yataandikwa?

LA KUFANYA

Mimi ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu imenifundisha kwamba kisichoandikwa hakipo. Wapagazi wa 1916 wamekwisha kufa wote, na askari wa Keya waliobaki, kama wapo, ni wa kuhesabika. Lakini wajukuu na vitukuu wapo, Karema, Ikola, Inyonga, Mpanda mjini na hapa Ilembo kwenyewe. Katika masanduku ya nyumba nyingi bado kuna kitabu cha mshahara kilicholiwa na mchwa, nishani iliyofungwa katika kitambaa, au picha ya kijana mwenye kofia ya Keya.

Natoa rai kwa chama chetu cha wanafunzi wa zamani kwamba tununue daftari kubwa moja lenye jalada gumu, likabidhiwe kwa mwalimu wa historia na chama cha historia cha shule. Kila mwanafunzi anapokwenda likizo aulize nyumbani mambo manne tu: jina la mzee aliyekwenda vitani au aliyebeba mizigo, kijiji chake, alikwenda vita gani, na alirudi au hakurudi. Akirudi shuleni aandike, na jina la aliyemsimulia liandikwe pia. Asitie chumvi. Kama familia inajua jina tu, liandikwe hilo jina tu.

Gharama yake ni ndogo kuliko ya chakula cha mkutano wetu mmoja. Daftari hilo halitakuwa mnara wa mawe, lakini litakuwa na kile ambacho Sanamu ya Askari haina. Aliye tayari kuchangia au kuanza na jina la babu yake amwone katibu wa chama siku ya mkutano.